Mgongo wa Diski

Jina lake la kwenye cheti lilikuwa jingine, lakini pale hospitalini hakuna aliyelijua. Kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu, wote walimwita Bi Lebo, naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo alikuwa amelitolea jasho.

Kazi yake ilikuwa kuchoma diski, yaani kuhamishia picha za wagonjwa kwenye diski. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido ya picha: meza moja, kompyuta moja, printa yenye kikohozi, na dirisha dogo lililopakwa rangi nyeupe ili watu wasichungulie. Ng'ambo ya ukuta ilikaa ile mashine kubwa ya duara ambayo mgonjwa huingizwa amelala, ikampiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, kama mkate unavyokatwa. Picha zikishatoka zilikuja kwa Bi Lebo. Wale waliotakiwa kurudi siku za mbele, au kupelekwa hospitali nyingine, aliwachomea diski, akawakabidhi na kuwaambia maneno yale yale kila siku. "Itunze kama macho yako. Hapa kwetu haikai."

Na kweli haikukaa. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ndogo, na kila mwaka ulipokwisha ilifutwa ili ipokee wengine. Baada ya hapo picha za mtu zilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ile diski aliyokwenda nayo nyumbani.

Habari ya lebo ilianza hivi. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa akiandika jina la mgonjwa kwenye bahasha tu, diski yenyewe haina maandishi. Siku moja wanawake wawili walioketi benchi moja waliangusha bahasha zao, diski zikatoka nje, wakaziokota na kuzirudisha, kila mmoja akaenda na ya mwenzake. Mmoja akaambiwa ana uvimbe kichwani ambao hakuwa nao, akalia wiki mbili. Wa pili, mwenye uvimbe hasa, akaambiwa aende zake akapumzike. Yule wa pili walimpata kwa bahati tu, alipoanguka sokoni. Bi Lebo aliitwa ofisini akasemwa vikali. Alitoka mle na kiapo kwamba hakuna diski itakayotoka tena mikononi mwake bila jina la mwenyewe kubandikwa juu yake.

Akatafuta karatasi za duara zenye gundi nyuma. Alichapa jina, tarehe na sehemu ya mwili, akaibandika lebo kwa utaratibu, akapitisha kidole gumba kutoka katikati hadi ukingoni mpaka isibaki hata pumzi ya hewa chini yake. Ilikuwa kazi safi, tuseme ukweli. Madaktari wa hospitali nyingine walituma sifa. Mwaka mmoja alipewa cheti cha mfanyakazi bora, akakitundika juu ya printa. Msimcheke. Kazi yake yote ilikuwa ya gizani, vitu visivyoonekana kwa macho ndani ya sahani ya plastiki, na lebo ndiyo sehemu pekee ambayo mtu angeweza kuiona akasema, huyu mama anajua kazi. Alizipenda zile lebo kama wengine wanavyopenda maua yao.

Pamoja na lebo aliweka daftari. Kila diski mstari mmoja: jina, tarehe, kiungo, namba ya simu. Diski mbili au tatu kwa siku, na katika miaka sita madaftari yakawa sita.

Alikuwa na kaka mmoja tu. Huyo alikuwa mwashi, na mafundi wenzake walimwita Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye uzito ambayo waashi huiteremsha kando ya ukuta kuangalia kama umesimama wima. Ukuta ukipinda hata nusu kidole, Timazi aliubomoa, wa kwake au wa mwenzake, akajitengenezea maadui kila mtaa. Miaka minne nyuma alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akavunjika mbavu mbili, wakampiga picha kifua kizima. Diski aliichoma dada mtu, lebo akaibandika dada mtu, na kwa mkono wake akampa wifi yake. "Wifi, itunze kama macho yako."

Mbavu ziliunga, watu wakasahau. Kisha mwaka huu Timazi akaanza kukohoa. Vumbi la saruji, alisema, nani asiyekohoa kwenye kazi hii. Lakini kikohozi hakikuambilika, na mwishowe akaingizwa tena kwenye mashine. Safari hii lilionekana doa kwenye pafu la kulia, chini, kubwa kama punje ya haragwe, limejibanza kando ya mshipa mkubwa wa damu.

Daktari wa kifua alikuwa mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alimwita Bi Lebo peke yake, kama mfanyakazi mwenzake, Jumatatu asubuhi.

"Sindano ya kuchukua kipande haifiki hapo bila kuugusa mshipa," alisema. "Kwa hiyo nisikilize vizuri. Kama doa hili lilikuwepo miaka minne iliyopita, na ukubwa wake ni huu huu, hilo ni kovu. Atakwenda nyumbani na dawa ya kikohozi. Kama halikuwepo, ni kitu kinachokua, na lazima nifungue kifua."

"Na ukikosa kujua?"

"Nikikosa kujua siwezi kubahatisha. Nafungua."

"Daktari, moyo wake..."

"Najua. Daktari wa usingizi ameshaniambia moyo ule ni dhaifu, hautaki kulazwa usingizi. Ndiyo maana naitaka picha ya zamani kuliko unavyoitaka wewe. Alhamisi tunamwingiza. Niletee kabla ya hapo. Doa liko kwenye picha ya mia mbili na nne, hesabu ukianzia shingoni."

Bi Lebo alitoka mle nusura acheke. Picha tu? Picha aliyoichoma mwenyewe, akaiandika mwenyewe? Alimpigia wifi yake pale pale kwenye korido, na Jumanne asubuhi wifi akafika na bati la biskuti. Ndani ya bati mlikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kitambaa laini, ndani ya kitambaa diski.

"Nimeitunza kama yai," wifi alisema. "Kila Jumamosi nikipangusa kabati naifuta vumbi na yenyewe."

Bi Lebo aliigeuza. Upande unaong'aa ulikuwa safi, hata mkwaruzo wa ukucha haukuwepo. Kwenye lebo jina la kaka yake bado lilisomeka, ila ukingoni ilikuwa imevimba kidogo, kama malengelenge. Alimpa wifi kiti, akaitia diski kwenye droo ya kompyuta.

Kompyuta iliizungusha. Ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Kisha ikaandika kwenye kioo: Tafadhali weka diski. Diski imo tumboni mwake, nayo inaomba diski.

Aliitoa, akaifuta inavyotakiwa, kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda nje, wala si kwa kuzungusha kama watu wafutavyo sahani. Akairudisha. Tafadhali weka diski. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akajaribu diski nyingine aliyoichoma jana yake, ikasomwa bila shida, kwa hiyo droo haikuwa na kosa. Akaenda na diski ya kaka yake kwenye kompyuta ya mapokezi, akaenda nayo ya stoo ya dawa, akaenda nayo hadi ya mhasibu. Moja ililia kama inasaga mchanga. Ya mhasibu iliimeza ikagoma kufungua droo, wakaitoa diski kwa kuchomeka sindano kwenye kitundu cha dharura. Wifi alikuwa akimfuata nyuma na bati lake mkononi.

Saa sita mchana wifi alirudi wodini kwa mumewe, na Bi Lebo akabaki chumbani mwake na ile diski. Aliitazama ile lebo iliyovimba. Bila shaka, akajiambia, ni huu uvimbe. Karatasi imenyanyuka upande mmoja, diski inayumba ikizunguka, jicho la kompyuta linashindwa kuifuata. Dawa yake ni kuibandua.

Kwa kuyumba alikuwa sahihi, na kwa yaliyobaki mnisamehe, naona uchungu kuyasimulia. Alilowesha pamba kwa spiriti, akapitisha ukingoni, akashika ncha ya lebo kwa ukucha. Ilikubali kirahisi mno. Aliivuta polepole, kwa adabu, na alipofika robo ya duara akaona kwamba nyuma ya karatasi kunang'aa. Ule utando wa rangi ya fedha wa diski ulikuwa unakuja na gundi. Aliacha hapo hapo. Aliinua diski dhidi ya dirisha jeupe, na kupitia palipobanduka akaviona vidole vyake mwenyewe, vyote vitano, kama anavitazama kupitia gilasi ya maji.

Alikaa vile muda asioujua, ukucha mmoja bado umeshika karatasi.

Mtaa wa nyuma ya hospitali kulikuwa na fundi wa kompyuta aliyeitwa Bisibisi, mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi, duka lake limejaa maiti za kompyuta mpaka darini. Bi Lebo alifika pale anahema. Bisibisi aliipokea diski kwa kuishika ukingoni, akaigeuza mara moja tu, akavuta pumzi.

"Nani kabandika hii karatasi?"

"Mimi."

"Na nani kaibandua?"

"Mimi."

Mzee aliinua diski mbele ya balbu. Hata pale ambapo lebo ilikuwa bado imeshika, mwanga ulipenya kwenye vitundu vidogo vidogo, vingi, kama chekecheke.

"Kaa, mama," alisema. "Watu wote wanailinda diski upande wa uso, huu unaong'aa. Uso ni plastiki nene, hata ukikwaruzika unaweza kusuguliwa ukapona. Mali yenyewe iko mgongoni. Fedha imepakwa pale juu, imefunikwa na rangi nyembamba kuliko ganda la kitunguu, basi. Ukibandika karatasi ya gundi pale, gundi inakaa na ile rangi miaka. Joto likija, inaitafuna. Hata usingeibandua, ilikuwa inaliwa."

"Haikufutwa vibaya? Wifi yangu alikuwa anaifuta."

"Uso huu? Mama, uso huu umetunzwa kuliko wa bibi harusi. Huyo wifi yako mpe pongezi."

Alichomoa chini ya meza kisomeo cha diski cha zamani, kizito kama tofali. Hivi vipya vina pupa, alisema, vikikosa neno moja vinatupa kitabu kizima, lakini hiki mzee mwenzangu kinasoma polepole na hakikasiriki. Akakipunguza kasi mpaka ya mwisho, akawasha programu yake ya kunakili inayoruka pabovu na kurudia mara mia. Diski, alimweleza, husomwa kuanzia katikati kwenda nje, na pa katikati ndipo palipo pazima. Hii ilikuwa imejaa hadi ukingoni, maana picha za kifua ni nyingi.

Namba zilianza kupanda kwenye kioo. Picha ya kwanza, shingo ya kaka yake. Ya kumi. Ya hamsini. Bi Lebo alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mia moja. Mbavu zilizovunjika zikapita, akazitambua kama mtu anavyotambua nguo ya nduguye. Mia na hamsini. Alianza kuomba kimoyomoyo, huku anahesabu. Mia na themanini. Mia themanini na sita, mia themanini na saba.

Kisomeo kikaanza kugonga.

Kiligonga jioni nzima. Bisibisi alikizima kikapoa, akakiwasha, akajaribu kingine, akaipoza diski, akaifuta, akaweka kipande cha plasta ukingoni ili isiyumbe. Haikupita mia themanini na saba. Zilikuwa zimebaki picha kumi na saba kufika kwenye doa.

"Ungeniletea na lebo yake ningekuwa na nafasi zaidi," mzee alisema. Hakulisema kwa ubaya, ni vile tu lilikuwa kweli. Kisha akauliza, "Ziko ngapi kama hizi?"

"Elfu tatu na ushee."

Bisibisi akavua miwani.

Jumatano Bi Lebo alimpelekea daktari wa kifua zile picha mia themanini na saba. Daktari alizipitia zote, akafika ya mwisho, akabonyeza mbele mara mbili kwa mazoea, kioo hakikubadilika. "Basi," alisema. "Kesho saa mbili."

Mchana huo Bi Lebo aliingia wodini. Timazi alikuwa ameketi kitandani anaukagua ukuta wa wodi kwa jicho moja. "Aliyejenga huu alikuwa mlevi," alisema. "Njoo, dada. Imesomeka?"

"Imesomeka nusu. Doa halikufika."

"Imeharibika vipi, wifi?" Mkewe aliuliza kutoka upande wa pili wa kitanda. Alikuwa ameshika lile bati la biskuti, tupu, sijui kwa nini alikuwa bado anatembea nalo. "Mbona niliitunza?"

Hapa ndipo penyewe. Bi Lebo alikuwa na maneno yote tayari, alikuwa ameyapanga njia nzima: gundi, mgongo, ukucha wangu. Alimtazama kaka yake aliyekuwa akimwamini toka wakiwa wadogo, akamtazama wifi yake, akakiona na kile cheti juu ya printa kana kwamba kimetundikwa pale wodini. Akasema, "Diski hizi hazitaki joto. Na hazitaki kufutwafutwa, wifi."

Wifi alijiziba mdomo. "Kila Jumamosi," alisema ndani ya kiganja chake. "Kila Jumamosi, miaka minne."

"Hukujua," Bi Lebo alisema upesi. Na hilo, ukilitazama, lilikuwa baya zaidi, kwa sababu alilisema kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Asubuhi ya Alhamisi walisimama wote mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Wifi alikuwa analia, analowesha shuka la mgonjwa. Timazi alimshika kichwa. "Nyamaza, mama wa mwanangu. Nimekusamehe, hata kama hakuna cha kusamehe. Ila nikirudi usinifute na mimi kwa kile kitambaa chako." Watu wakacheka kidogo, na kitanda kikasukumwa ndani. Bi Lebo alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Alikuwa na nafasi ya kusema mpaka mlango unafungwa, na mlango ule hufungwa polepole.

Moyo wa Timazi ulisimama mara moja wakati wa upasuaji, wakaurudisha. Ulisimama tena Jumamosi, haukurudi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na binti mmoja wa miaka kumi na sita.

Majibu ya maabara yalikuja wiki mbili baada ya maziko. Daktari wa kifua aliwaita wanawake wote wawili, akawasomea akiwa amesimama. Lilikuwa kovu. La zamani, pengine la utotoni. Halikuwa likikua wala lisingekua. Daktari aliomba radhi, akasema kwa alichokijua siku ile asingeweza kufanya vingine, na ilikuwa kweli.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. "Ningeiacha tu na vumbi lake," alisema. Tangu siku ile hakulizungumzia tena, na alipokuja Bi Lebo kumtazama alimpikia, akamtengea maji ya kunawa, akamwita wifi kama zamani, wala hakumnyooshea kidole, maana alijua mwenye kosa ni yeye.

Bi Lebo alikiteremsha cheti. Lebo zilizobaki alizitia kwenye pipa, na tangu hapo aliandika majina kwa kalamu laini ya wino kwenye kile kiduara cha katikati kisicho na fedha, herufi ndogo kama sisimizi. Alimwendea msimamizi wake na kumweleza diski elfu tatu ziko majumbani mwa watu zinaliwa. Msimamizi alisikiliza, akafunga mlango. "Unataka kutuletea balaa?" aliuliza. "Watu wakija wote hapa tutawaambia nini? Achana nalo. Atakayeleta tutamwona."

Hakuachana nalo. Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokwenda kula, alifungua daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, akapiga kwa simu yake mwenyewe. "Naitwa Bi Lebo, wa hospitali, niliyekuchomea diski. Leta diski yako niinakili kabla haijafa. Usiibandue karatasi. Nakuomba sana, usiibandue." Watu kumi na tano kila mchana, wakati mwingine ishirini. Wengine namba zao hazikupatikana. Wengine walikuwa wamekufa, na aliyepokea alimweleza hilo kwa upole au kwa ukali. Mzee mmoja alisema diski yake ameitundika kwenye bustani ya mboga kutisha ndege, na inafanya kazi vizuri sana, hospitali ishukuriwe. Waliokuja walipanga foleni nje ya chumba chake, naye aliziweka diski zao moja moja kwenye kisomeo kizito alichoazima kwa Bisibisi. Mbili kati ya tatu zilisomwa. Ya tatu ilimtazama mwenyewe kwa vitundu vyake, na Bi Lebo alimwambia mwenye diski, "Ni kosa langu. Gundi yangu." Alilisema kwa wageni mara mia na zaidi. Kwa wageni lilitoka.

Mstari wa kaka yake alijua uko wapi: daftari la tatu, ukurasa wa kumi na tisa, wa nne kutoka chini. Angeweza kuufungua siku ya kwanza. Alijiambia kazi ni utaratibu, mtu haruki foleni kwa sababu ni ndugu, na akajificha nyuma ya utaratibu huo mwezi baada ya mwezi, huku ukurasa ukimjia polepole, watu kumi na tano kwa siku.

Ulimfikia Jumanne moja, miezi mitano tangu maziko. Alipiga wa sita kutoka chini, hakupokea. Alipiga wa tano, mama mmoja aliyeahidi kuja Ijumaa. Akaweka kidole kwenye mstari uliofuata. Mwandiko ulikuwa wake, wa miaka minne nyuma, mzuri, hauna haraka. Aliandika namba moja moja kwenye simu kana kwamba haijui, na simu, isiyojua kujificha nyuma ya utaratibu, ikamwonyesha jina: Kaka.

Iliita mara tatu.

"Wifi," sauti ilisema. Bado alikuwa akitumia laini ya mumewe. "Kuna nini mchana huu?"

"Napiga kuhusu ile diski."

"Ipi?"

"Ya kaka." Akapiga moyo konde. "Wifi, si wewe uliyeiharibu. Kufuta kwako hakukuigusa. Ni lebo yangu, gundi iliila mgongo kwa miaka minne. Na siku ulipoileta niliibandua kwa mkono wangu nikaimalizia. Fundi aliniambia siku ile ile. Nilipokuja wodini nilikuwa najua. Nilipokuambia habari ya kufuta nilikuwa najua."

Alisikia maji yakidondoka kwenye ndoo upande wa pili, na mbali kidogo mlango ukifungwa.

"Binti yangu nimemweleza kwa mdomo wangu," wifi alisema baadaye, polepole, kama mtu anayehesabu. "Nimemwambia mimi ndiye niliyemuua baba yake kwa kitambaa. Aliniuliza, sikutaka kumdanganya."

"Wifi..."

"Yeye alijua? Kaka yako, alijua ni wewe?"

"Hapana."

"Alinisamehe mimi," wifi alisema. "Pale mlangoni. Mbele yako. Alinisamehe mimi."

Simu ikakatika.

Bi Lebo alikaa na daftari mapajani. Nje foleni ilikuwa imeanza, alisikia mtu akiuliza kama hapa ndipo kwa yule mama wa diski. Alichukua kalamu, akaweka alama ya vema kwenye mstari wa nne kutoka chini, kama alivyoiweka kwenye mistari yote ya watu waliopatikana. Kisha akapiga wa tatu.